Kupima nyasi zinameng'enywa kiasi gani: njia ya tyubu kwa anayeanza maabara

Naandika hii kwa vijana wanaokuja fildi kwenye maabara za mifugo huku kanda ya kati, na kwa bwana mifugo yeyote anayetaka kujua ile namba ya mmeng'enyo anayoletewa imetoka wapi. Mfugaji wa Kongwa au Chamwino mkoani Dodoma ana mabua ya mtama, ana hei (nyasi zilizokaushwa), ana matunda ya mgunga, na swali lake ni moja tu: ng'ombe akila hiki, kinachobaki mwilini ni kiasi gani na kinachotoka kama mavi ni kiasi gani. Kipimo cha protini peke yake hakijibu hilo. Njia nitakayoeleza, ya kuiga tumbo la ng'ombe ndani ya tyubu, ni ya watafiti Tilley na Terry ya mwaka 1963, ni ya zamani kweli ila haitaki mashine za bei mbaya na bado inaaminika ukiifuata vizuri.

Tuanze na sampo maana namba nyingi zinaharibikia hapo hata kabla ya kufika maabara. Usikate sehemu moja ukajaza mfuko, zunguka eneo lote, kata vile ng'ombe anavyokata, kwa sababu mnyama anachagua majani anaacha vijiti, sasa wewe ukileta mashina ya chini ambayo halili utakuwa umepima chakula ambacho hakiingii mdomoni mwake. Mabua ya mtama ndo yana shida zaidi, jani na bua ni vitu viwili tofauti kabisa, mi nashauri uvipime mbalimbali na uandike kila kimoja kilikuwa na uzito gani.

Kausha kwenye oveni nyuzi 60 hadi 65 kwa saa 48. Wenye haraka wanapandisha mpaka 105, hapana jamani, 105 ni ya kupata ukavu, yaani uzito unaobaki maji yote yakitoka, kwenye kasampo kadogo ka pembeni tu, ile ya mmeng'enyo ukiichoma protini inajifunga na sukari na namba inashuka wakati nyasi hazina kosa. Ikishakauka saga kwa chujio la milimita 1, pima nusu gramu kwenye kila tyubu, na kila sampo iwe na tyubu angalau mbili.

Afu sasa kazi yenyewe, maji ya tumbo kuu (rumeni), lile ambalo nyasi zinachachia. Hayo ndo yamebeba vijidudu vinavyofanya kazi yote na vinakufa haraka sana kwa baridi na kwa hewa. Kama kituo kina ng'ombe aliyewekewa tundu ubavuni la kuchotea maji ya tumbo, chota asubuhi kabla hajalishwa, na awe amekula hei siku zote na sio pumba. Kama huna, machinjioni panafaa, ila uliza huyo ng'ombe ametoka wapi, maana wengi wametoka mnadani wametembea na kulala njaa, na tumbo lenye njaa lina vijidudu vichache. Beba chupa ya chai uliyoipasha kwa maji ya moto nyuzi 39, mwaga maji, kamulia humo moja kwa moja, jaza mpaka juu hewa isibaki, funga. Ukifika chuja kwa gozi ya hospitali iliyokunjwa mara nne huku unapuliza kabonidayoksaidi juu yake. Maji mazima yana harufu ya nyasi zilizochacha, sio ya kuoza, na ukiyaacha dakika chache utaona vijichembe vinapanda juu na vipovu.

Kila tyubu inapata mililita 40 za mate ya kutengeneza, yaani maji ya chumvichumvi yanayoiga mate ya ng'ombe, na mililita 10 za maji ya tumbo. Mate hayo kiungo chake kikubwa ni bikaboneti ya sodiamu, gramu 9.8 kwa lita, na kalsiamu kloraidi unaiweka mwishoni kabisa, la sivyo itaganda. pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe kama 6.8 hivi. Puliza gesi, funga kizibo chenye kinjia cha gesi kutoka, weka kwenye inkyubeta (kabati la joto) nyuzi 39 gizani saa 48, na utikise taratibu mara kadhaa kwa siku. Anza Jumatatu asubuhi ili hatua ya pili iangukie Jumatano na umalize Ijumaa. Na hakikisha kuna jenereta, umeme ukikatika usiku inkyubeta ikapoa, kazi yote imeisha.

Jumatano zungusha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha tyubu kwa kasi mpaka mashapo yatulie chini, mwaga maji ya juu bila kumwaga mashapo, ongeza mililita 50 za asidi ya haidrokloriki ya mola 0.1 yenye pepsini (kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini) gramu 2 kwa lita. Mimina pole pole, bikaboneti iliyobaki inatoa povu na povu likipanda linatoka na sampo yako. Saa 48 tena kwenye nyuzi 39, chuja, kausha nyuzi 105, pima mabaki.

Kitu ambacho siwezi kukubali kikosekane ni tyubu tupu, yaani zenye mate na maji ya tumbo bila nyasi, pamoja na hei moja ya rejea unayoijua namba yake. Tyubu tupu zinakuambia mabaki ya maji ya tumbo yenyewe. Mfano nusu gramu yenye ukavu wa asilimia 94 ni gramu 0.470, mabaki ni 0.262, tyubu tupu 0.022, toa unapata 0.240 ambayo haikumeng'enywa, kwa hiyo iliyomeng'enywa ni 0.230, gawa kwa 0.470, ni asilimia 48.9. Usingetoa ya tyubu tupu ungeandika 44.3, na hapo unamwambia mfugaji hei yake ni mbaya kuliko ilivyo. Hei ya rejea nayo ikishuka mbali na namba yake, tupa wiki nzima urudie, maji ya tumbo yalikuwa dhaifu.

Ukimpelekea mfugaji jibu andika na tarehe ya kukata na nyasi zilikuwa hatua gani. Senkrasi, aina ya nyasi za malisho, iliyokatwa inapoanza kutoa masuke na ile iliyosimama mpaka Septemba ni vyakula viwili, na kama protini iko chini ya asilimia 7 mwambie wazi kwamba vijidudu vya tumboni vitakosa naitrojeni, ng'ombe atakula kidogo hata kama namba ya mmeng'enyo sio mbaya, aongezee mashudu ya alizeti ambayo huku kwetu yapo.