Mazoezi ya majini kwa aliyevunjika mguu: anza na kina cha maji

Nafanya fiziotherapia Kampala, na wagonjwa wangu wengi ni vijana wa boda boda waliovunjika paja au muundi. Bwawa la hospitali lenye maji ya moto ni jambo jema, lakini usilingoje. La hoteli linatosha ukijua kulipima. Ziwa Victoria lisahau, hata kama mgonjwa anaishi ufukweni: lina kichocho.

Hatua ya 1: Mchuje mgonjwa
Mwenye kidonda kibichi, homa, kuhara, kifafa kisichotulia au moyo ulioshindwa haingii. Maji hubana miguu na tumbo, damu ikasukumwa kwenda kifuani. Moyo mzima unaimudu, uliochoka unaelemewa. Mshono uwe umefunga kabisa. Kisha pata neno la daktari wa mifupa: mguu ukanyage kwa kiasi gani? Bila jibu hilo, hatua ya 3 ni kubahatisha.

Hatua ya 2: Kagua bwawa
Ingia mwenyewe kwanza, na ufito wenye alama. Tazama ngazi, vyuma vya kushikia, vigae vinavyoteleza. Mabwawa ya tiba huwa na joto la nyuzi 33 hadi 36. La hoteli lisilopashwa moto halifiki huko, kwa hiyo mimi huenda saa nane mchana, jua likishalipiga. Mgonjwa akianza kutetemeka, misuli imekaza. Mtoe.

Hatua ya 3: Chagua kina
Hapa ndipo wanafunzi wangu wanaponiudhi: wanakuja na orodha ya mazoezi, kina hawajakifikiria, na kina ndicho dozi. Maji yakifika kiunoni, miguu inabeba takriban nusu ya uzito wa mwili. Kifuani, takriban theluthi. Shingoni, kama sehemu moja ya kumi tu. Mtu wa kilo 70 basi anakanyagia kilo 35 hivi akiwa kiunoni, na 7 akiwa shingoni. Hesabu hiyo ni ya aliyesimama. Akitembea kwa kasi mzigo unapanda, kwa hiyo aliyeruhusiwa nusu mwanzishe kifuani.

Hatua ya 4: Atembee
Simama mbele yake, mikono yako chini ya viwiko vyake. Akutazame usoni. Akiinama kutazama miguu atauona mguu mfupi, umepinda, na atashtuka; ni mwanga tu unaopindishwa na maji. Aende mbele, arudi nyuma, kisha ubavu. Huhitaji vyuma vya mazoezi: akizidisha kasi maradufu, maji yanamkinza mara nne.

Kwa paja lililonyong'onyea, nafunga chupa tupu ya nusu lita, kifuniko kimekazwa, juu ya kifundo cha mguu kwa bendeji. Chupa inauinua mguu yenyewe. Kazi ya mgonjwa ni kuushusha polepole, mara 10. Ukitaka kuongeza ugumu, weka chupa tupu ya lita moja.

Hatua ya 5: Mtoe kwa adabu
Dakika 20 zinatosha. Zamani nilimwacha kijana mmoja dakika 40 kwa sababu alikuwa anacheka. Kwenye ngazi ya mwisho uzito wote ukamrudia, na kizunguzungu juu yake. "Musawo, mguu umegeuka gunia!" akasema (musawo ni daktari kwa Kiganda), akaketi kwenye vigae kwa kishindo. Chuma cha mfupani kilisalimika, mimi sikulala.

Siku hizi magongo yanakaa kando ya ngazi kabla hajaingia. Akitoka, anasimama dakika mbili maji yakiwa magotini, ameshika chuma, tunaongea. Kisha anaoga maji safi, anakausha kovu kwa kulibonyeza na taulo bila kulisugua, anakunywa maji.

Kesho yake mpigie simu. Goti likiwa limevimba au maumivu yamezidi, kipindi kijacho usipunguze mazoezi kwanza. Mpeleke kwenye maji marefu zaidi.