Kuongeza spidi ya laptopu ya gemu bila kuiunguza
Kabla hujagusa chochote safisha feni, laptopu nyingi zinazochemka ni vumbi tu, halafu iinue nyuma ipate hewa na uchomeke chaja yake orijino. Anza na kadi ya grafiki: fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi hiyo, pandisha Core Clock (spidi ya kadi yenyewe) MHz 25, piga gemu nzito nusu saa, ikitulia ongeza 25 tena, ikianza kuganda au kutoa madoa ya ajabu kwenye skrini rudi hatua mbili. Memori ya kadi hiyo (Memory Clock) fanya baadaye peke yake, ukipandisha vyote kwa mpigo hutajua mchawi nani. Na usiiruhusu Afterburner iwake yenyewe na Windows mpaka uwe na uhakika, ili laptopu ikigoma ukirestati inarudi kawaida.

Prosesa sasa, hapo ndo pagumu. Za Intel kwenye laptopu nyingi zimefungwa zisiongezwe spidi, zinazokubali kwa kawaida zina HK au HX mwishoni mwa jina. Mi hata ikikubali napunguza volti kwa programu ya ThrottleStop, milivolti (mV) kumi kumi, kama biosi (mipangilio ya msingi ya laptopu kabla ya Windows) inaruhusu, joto linashuka na spidi inakaa juu muda mrefu zaidi. HWiNFO, programu ya kuonyesha joto, iwe wazi muda wote, prosesa ikishagonga digrii 95 acha kuongeza, itajipunguza yenyewe tu.