Somo: Jinsi ya kusikiliza redio ya serikali inapozungumza na nchi jirani

Kwa kawaida balozi huzungumza na waziri. Redio humruka waziri ikamfuata mwananchi wake nyumbani, na ndiyo maana serikali huipenda. Ukitaka kujua inatafuta nini, pita hatua hizi.

Hatua ya 1: Angalia lugha kabla ya maneno. Mwaka 1954 Misri ya Nasser ilianza kurusha matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo. Mmisri wa kawaida hajui Kiswahili, basi walengwa wanajulikana: wasikilizaji wa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, na Kenya iliyokuwa chini ya hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau. Misri haipakani nasi, lakini sehemu ya maji ya Nile yake inatoka huku, na huku kulitawaliwa na Mwingereza.

Hatua ya 2: Nani kapewa kipaza sauti? Hapa Tanzania ilicheza vizuri kuliko wengi. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa muda wa hewani wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo. Msikilizaji ng'ambo ya Ruvuma alisikia Wamsumbiji wenzake wakimsema Mreno. Serikali ilichotoa ni mtambo na umeme, maneno yakawa ya wenyewe.

Hatua ya 3: Linganisha matangazo ya siku tofauti. Oktoba 1978 Radio Uganda ilidai Tanzania imeivamia Uganda. Tarehe 1 Novemba ikajigamba kwamba majeshi ya Amin yameteka eneo la kaskazini ya mto Kagera kwa dakika 25. Aliyevamiwa kageuka mtekaji! Kesho yake Nyerere akasema: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. "Kumpiga", yaani mtu mmoja, Amin. Waganda hawakutajwa kuwa adui, na jeshi lilipovuka mpaka jambo hilo lilikuwa na faida yake.

Hatua ya 4: Angalia redio ya upande wa pili inajibuje. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, Cairo ikiwa imeshazoeleka masikioni.

MASWALI

Swali: Mwalimu, hii si propaganda tu?
Jibu: Mara nyingi ni hiyohiyo, ndugu yangu. Mimi huangalia kama kituo kinaweza kutangaza habari inayoiumiza serikali inayokilipia.

Swali: Kwani BBC nayo inalipiwa na serikali?
Jibu: Idhaa yake ya Dunia iligharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi 2014. Tangu hapo inategemea zaidi ada ya leseni ya watazamaji, ingawa fungu la serikali lilirudi baadaye. Kwa hiyo ipitishe kwenye hatua zilezile.

Swali: Siku hizi nani anasikiliza masafa mafupi?
Jibu: Wachache, na serikali nyingi hazijasikitika. Masafa mafupi huvuka mpaka bila kubisha hodi, lakini FM inahitaji kibali cha mwenye nchi. Mei 2018, kura ya maoni ikikaribia, Burundi ilisimamisha BBC na Sauti ya Amerika kwa miezi sita. Rwanda ilikuwa imeshaizuia BBC ya Kinyarwanda tangu 2014. Redio yako ikishakodi mnara kwa jirani, jirani ndiye mwenye swichi.