Pima 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja
Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1001, huna haja ya kuigawanya namba ndefu mara tatu ili kujua kama inagawanyika kwa 7, 11 na 13 bila baki. Ikate makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu. Mfano 48,627,306: 306 − 627 + 48 = −273. Sasa pima 273 tu: ni 7 × 39, tena ni 13 × 21, ila kwa 11 inabaki 9. Basi namba nzima inagawanyika kwa 7 na 13, kwa 11 hapana. Wengi huharibu kwa kuanza kukata kushoto. Kundi pungufu (hapa 48) lazima liwe la kushoto kabisa. Na ukitaka baki halisi, usiitupe alama ya kutoa: kwa 11, −9 maana yake baki ni 2.