Kabla ya Kwenda Fildi Mwaloni: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwanafunzi wa Uuguzi

Wodini mgonjwa yuko kitandani, saa ya dawa inajulikana na faili lake liko mezani. Ukipangiwa fildi ya afya ya jamii kwenye mialo, yaani vituo vya wavuvi vya kupokelea samaki, ya Ukerewe, Kome au Igombe katika Ziwa Victoria, wewe ndiye mgeni, na ratiba ni ya ziwa. Kwa hiyo kabla ya kufunga begi, ulizia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hizo hazivuti kitu mbalamwezi ikiwaka. Siku za giza wanaume hukesha majini na asubuhi wamelala, huku kina mama wakianika dagaa. Ukipiga hodi saa tatu asubuhi utawakuta watoto peke yao, na si haki kuandika kwenye ripoti kwamba jamii haina mwitikio. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Hapo ndipo utampima baba presha, utazungumza habari za VVU, na utawakuta mume na mke pamoja mkiongelea uzazi wa mpango. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anazijua siku hizo kuliko mkufunzi wako. Mtafute mapema, na barua ya utambulisho ifike kwa mtendaji wa kijiji kabla yako.

Panga pia utaratibu wa kutembelea kaya. Anza na kichanga na mama aliyejifungua, fuata wajawazito, kisha wagonjwa wengine. Mwenye kifua kikuu au kuhara awe wa mwisho, ili usiwabebee wachanga maradhi ya nyumba nyingine. Mkobani sabuni na taulo safi vikae juu kabisa, kwa sababu unanawa kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Weka mizani, mashine ya presha, kipimajoto na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Mzunguko wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo hasubiri ziara ijayo.

Ukibeba chanjo, nyuzi joto ni 2 hadi 8. Wengi huogopa joto tu. Chanjo ya penta, ile ya kukinga magonjwa matano, huharibika ikiganda, kwa hiyo vibarafu, yaani pakiti za maji yaliyogandishwa, vikitoka kwenye friza viache kwanza, hadi ukivitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uvipange.

Kuhusu mwili wako: usikanyage maji ya ufukweni bila gambuti. Kichocho huingia kupitia ngozi nzima, bila jeraha, ndani ya dakika chache. Wewe utakayewafundisha watu habari za vyoo na prazikwanteli, dawa ya kichocho, usionekane ukinawia miguu ziwani. Chandarua ni lazima. Jaketi okozi pia ni lazima, na chombo kilichojaa kupita kiasi usikipande hata kama unachelewa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa.

Siri za watu zinahitaji maandalizi yake. Kambini kwa wavuvi vyumba vimebanana na majirani wanasikia kila neno. Fikiria tangu sasa utakaa wapi na mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi, na usimwite kwa jina mwaloni ukiwa umeshika daftari la kliniki.

La mwisho ni rufaa, na hapa nasisitiza sana. Kabla hujamgusa mgonjwa wa kwanza, uwe na namba ya mganga mfawidhi wa zahanati na ya mwenye boti. Ujue kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi. Mama akianza kutokwa damu Ukara usiku, huenda akahitaji kuvushwa hadi Bugolora, kisha kupelekwa hospitali ya Nansio kwa gari. Nani ataendesha boti, mafuta yatatoka wapi, na nani atamsindikiza? Majibu hayo yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, na uyahakiki na mwenyekiti wa kijiji siku ile ile unayofika.