Kabla ya Kukubali Chuo cha Ng'ambo, Uliza Dukani Unafikaje

Vijana wa Kisumu wakipata barua ya chuo huniuliza karo, viza na ufadhili. Mji wenyewe hawauulizi, kana kwamba Marekani yote ni New York.

Gharama piga hesabu mwenyewe, usimwachie ajenti. Uingereza, viza ya anayesomea London hudai akiba kubwa kuliko ya anayesomea nje yake. Ujerumani kiwango ni kimoja nchi nzima, yuro 11,904 kwa mwaka tangu 2024, lakini chumba cha Munich kitazimeza upesi kuliko cha Leipzig.

Giza nalo. Sisi jua letu huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka nenda mwaka rudi. London mwezi wa Disemba huzama kabla ya saa kumi. Jiandae.

Sasa usafiri, na hapa unisikilize vizuri. Nilichagua mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na kweli ilikuwa nafuu. Ila mji haukuwa na basi. Boda ndiyo usiseme. Duka la vyakula lilikuwa maili nne, kando ya barabara kuu isiyo na njia ya miguu. Mimi mtoto wa Kondele, Kisumu, nimezoea kunyoosha mkono tu, matatu inasimama hata pasipo na steji. Jumamosi moja ya Januari nikajiambia, si nilikuwa nikitembea hivi kwenda shule? Nikaenda.

Kurudi, mfuko wa karatasi ulilowa theluji ukapasuka chini, viazi vikabingirika hadi mtaroni. Nikavua glavu nivifuate. Nilipofika mlangoni vidole havikuweza kushika ufunguo. Jirani ndiye aliyenifungulia. Maziwa yalikuwa na barafu shingoni mwa chupa. Jioni Mama akapiga WhatsApp, anataka kuona theluji. Nikamgeuzia simu dirishani. Watu walinichangia harambee, ningemwambia nini?

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuomba lifti. Mwenye gari akighairi, unalalia mkate.

Kazi vilevile. Viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa Marekani, mwaka wa kwanza hukubana kwenye kazi za ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Chuo kidogo kina maktaba moja na jikoni moja, na waliokutangulia wameshazikalia hizo nafasi.

Kwa hiyo fungua ramani. Pima kutoka bweni hadi dukani, hospitali na kituo cha basi, kisha tazama ratiba ya Jumapili, si ya Jumatatu. Mtafute Mwafrika anayesoma huko sasa hivi, si yule wa kwenye brosha, umuulize ananyolewa wapi. Akikuambia ni mwendo wa saa mbili kwa gari, umeshajibiwa.

Sikutumi jiji kubwa kwa lazima. Huko nako utapanga chumba mbali na kumaliza asubuhi kwenye treni. Usilipie chumba usichokiona hata kwa video. Soma bima inalipia nini. Beba nakala za vyeti. Koti la mitumba la soko la Kibuye litakufaa, lakini viatu vya theluji nunua hukohuko, na ununue kabla theluji haijaanza.