Somo: Kupanga naye badala ya kumpangia

Wazazi na walezi wenzangu, hamjambo. Wengi mliomba niandike tuliyozungumza kwenye kikao cha Nyalenda, Kisumu, kuhusu kupanga maisha pamoja na mtu mwenye ulemavu wa akili, hasa nyinyi wa Ahero na Kakamega mliozuiwa na mvua.

Kwanza tuondoe utata: ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Huanza utotoni, mwenye nao hujifunza polepole na huhitaji mkono katika shughuli za kila siku. Hakuna kidonge cha kuuondoa. Na majina ya mtaani, taahira, zuzu na mengine, tuyaache. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Sasa kosa langu. Mpwa wangu alipotimiza miaka 22, tulikaa watu wazima sita tukamtafutia kazi ya kushika gunia kwenye poshomill ya jirani. Kazi nyepesi, karibu na nyumbani, na mwenye kinu ni mtu mwema. Siku ya tatu akatoroka, nasi tukamwita mvivu. Majuma yalipita ndipo dadangu akaniambia kwamba tangu utotoni akisikia hata blenda huziba masikio. Siku ile tulipokuwa tukiamua, dadangu alikuwa jikoni akitupikia chai ya kikao.

Hatua ya 1: Mtazame kwa wiki moja. Chukua daftari, chora safu tatu: kilichotokea, alichofanya, tunachodhani alimaanisha. Hilo “tunachodhani” lisifutwe. Mimi niliandika: “Tukipita stendi, anasimama, anacheka, hataki kuondoka. Tunadhani anapenda tuktuk.” Kumbe alikuwa akipenda maji ya kuzioshea.

Hatua ya 2: Waulize wanaomjua. Si lazima wawe jamaa. Kwetu aliyejua mengi ni mama wa maandazi pale kona. Alituambia kijana hununua mawili kila asubuhi, moja humpelekea mlinzi wa lango la shule. Hatukuwa tunajua kama ana rafiki.

Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja wa kumtambulisha. Vichwa vitatu vinatosha: watu wanampendea nini, nini humfurahisha, tumsaidieje. “Ni mpole” haimfai mlezi mgeni kwa lolote. Andika hivi: “Mwambie dakika tano kabla ya kuondoka, mara mbili, ukimwonyesha viatu vyake.” Kama nyumbani mnaongea Dholuo, andikeni kwa Dholuo. Tieni picha.

Hatua ya 4: Pima raha na usalama pamoja. Hapa ndipo wengi huteleza. Mpwa wangu ana kifafa, na raha yake kubwa ni kutazama mashua ziwani, pale ufuo wa Dunga. Nyanya yake alipiga marufuku, na hofu yake ilikuwa ya haki: mtu akishikwa na kifafa majini anaweza kuzama kabla hajafikiwa. Lakini miezi ya kukaa ndani ilituletea vyombo vilivyovunjwa na usiku usio na usingizi. Tukakaa tena. Sasa huenda Jumapili, dawa ya asubuhi ikiwa imemezwa, na hukaa mbali na ukingo. Huenda na binamu aliyefundishwa la kufanya: amgeuze ubavu, asimtie kitu mdomoni, atazame saa, na mtukutiko ukipita dakika tano atafute gari la hospitali. Nyanya bado hapendi. Ila siku hizi yeye ndiye humfungia chapati za safari.

Hatua ya 5: Kikao. Yeye achague nani aje. Asizungumziwe kama hayupo. Kila ahadi iwe na jina la mtu na siku. Rudieni baada ya miezi mitatu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Wangu hasemi kabisa. Atachaguaje? (Mama, Ahero)*
Mama, mwonyeshe vitu vyenyewe: shati la bluu na la njano, mkono huu na huu. Kisha nyamaza, hesabu hadi kumi moyoni. Sisi hatuwezi kungoja, ndiyo shida yetu. Hata anayesema, chunga “ndiyo” zake, maana wengi huitikia ili kukuridhisha. Uliza tena kesho, ukigeuza swali.

*Binti yangu ana miaka 26, anasema anataka mchumba. Nimwambie nini? (Baba, Kakamega)*
Mzee, usicheke, wala usimwambie yeye ni mtoto. Tafuta shangazi au mwalimu anayemwamini amfundishe majina halisi ya viungo vya mwili, nani anaweza kumgusa, na namna ya kukataa kwa sauti. Asiyefundishwa haya ndiye hudanganywa kwa soda. Halafu muulize mchumba kwake ni nini. Huenda ni kuolewa. Huenda ni mtu wa kukaa naye kanisani.

*Nikipata kadi, nitapewa pesa za Inua Jamii? (Mlezi, Mamboleo)*
Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu pekee haileti pesa. Inua Jamii ni mpango wa serikali wa kuwapa fedha wenye uhitaji, na kwa upande wa ulemavu zile shilingi 2,000 za kila mwezi ni za kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi wakati wote. Zikija, yeye pia aulizwe angependa kununuliwa nini.

*Haya si mambo ya wazungu? (Mjomba, Nakuru)*
Kiasi ni kweli, mjomba. Njia hizi zilikuzwa Marekani, Kanada na Uingereza, na mwaka 2001 serikali ya Uingereza iliziingiza katika sera. Wenzetu kule wana wahudumu wanaolipwa. Hapa mhudumu ni dada mtu, ambaye pia anauza omena soko la Kibuye. Kwa hiyo mpango wenu usiandike “kila siku” kama mnajua ni Jumanne na Jumapili tu.

*Kikao huchukua muda gani? (Mama, Kondele)*
Chetu cha mwisho kilichukua dakika 40. Aliinuka, akachukua ndoo, akaenda stendi.